Kurudi Shambani ni Kukubali Kufundishwa

Mashamba ya Njoro, Rongai, Subukia na Bahati yanazidi kupata wenyewe wapya wa aina moja: watu wa makamo waliotumia nguvu za ujana wao ofisini, darasani au dukani, na sasa wanataka kulima. Kuna waliostaafu utumishi wa umma, ambao tangu 2009 umri wake wa kustaafu ni miaka 60. Kuna waliopunguzwa kazini wakiwa na 47 au 52, watoto bado wako shuleni, na kiinua mgongo kisipotiwa mahali kitayeyuka. Kuna waliochoka tu. Wengi wao watakuambia wanatafuta utulivu: hewa safi, maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, asubuhi isiyo na mkubwa wa kazi. Hamu hiyo siidharau. Hata hivyo, naamini shamba haliwezi kuitimiza, na anayeliendea kwa ajili ya utulivu peke yake atapoteza fedha zake pamoja na nafasi adimu ya kuitengeneza nafsi yake. Shamba humvua mtu mamlaka aliyoyazoea. Humweka chini afundishwe, katika umri ambao alitarajia yeye ndiye afundishe. Heri yake naiona hapo hapo, katika kuvuliwa huko, iwapo mwenyewe atakubali.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Katika sehemu za juu za Nakuru mahindi hupata msimu mmoja tu kwa mwaka. Mbegu za nyanda za juu kama H614 hupandwa mvua ya masika inapoanza, Machi au Aprili, na huchukua miezi sita hadi minane kukomaa. Kadiri shamba lilivyo juu na lenye baridi, ndivyo yanavyochelewa. Aliyechelewa kupanda, au aliyekosea mbolea, hulijua kosa lake Novemba na hupata nafasi ya kulirekebisha mwaka unaofuata. Kwa ng'ombe wa maziwa kungoja ni kurefu zaidi. Mimba ni miezi tisa, na mtamba atakayezaliwa atahitaji miaka miwili na zaidi kabla hajazaa na kukamuliwa, kwa hiyo uamuzi wa leo kuhusu fahali huonekana matokeo yake baada ya miaka mitatu hivi. Sasa mchukue mtu anayeanza akiwa na miaka 50. Mungu akimjalia nguvu hadi 75, ana misimu 25 ya mahindi. Ofisini barua yenye kosa huandikwa upya kesho yake, na mshahara unaorudi kila mwisho wa mwezi humfanya mtu asione kuwa miaka inahesabika. Shambani idadi iko wazi. Mtu mwenye misimu 25 hawezi kujifunza kila kitu kwa kujaribu na kukosea peke yake, maana umri wake hautoshi kuyabeba makosa yote. Itambidi awaulize wale ambao misimu yao ilimtangulia.

Historia ya Njoro yenyewe ina ushahidi mkali juu ya gharama ya kutouliza. Mlowezi Lord Delamere alipopewa eneo kubwa la ardhi huko mwanzoni mwa karne ya 20, alileta kondoo wa bei kubwa kutoka ng'ambo akawalisha kwenye majani yaliyoonekana mazuri. Walikufa kwa wingi. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakiyaepuka malisho yale, kwa maana walijua mifugo haistawi pale. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu za Nakuru una upungufu wa madini ya kobalti, na ugonjwa wa mifugo unaotokana nao ukaitwa kwa jina la mji. Delamere akageukia ngano, nayo ikapigwa na kutu, hadi ikalazimu kuzalisha mbegu za kuihimili. Alikuwa na mtaji, ujasiri na serikali nzima nyuma yake. Alichokosa kilikuwa vinywani mwa watu ambao hakuwahesabu kuwa walimu.

Dini zetu zimelisema jambo hili kwa njia ambayo mara nyingi tunaipita haraka. Musa alilelewa katika nyumba ya Firauni. Biblia inamweka Midiani akichunga kondoo, na kondoo wenyewe ni wa mkwewe. Alipokwenda kusimama mbele ya Firauni alikuwa na miaka 80. Qurani nayo inaeleza kwamba alikubali kumtumikia mzee wa Madyan miaka minane, au kumi akipenda kuikamilisha, kama sehemu ya makubaliano ya ndoa. Mtu wa ikulu anakuwa mchungaji wa mifugo ya mwingine, na utume unamkuta akiwa ameupitia utumishi huo. Sidhani ni bahati tu. Qurani pia inautaja umri wa miaka 40 kuwa ndio wa kukomaa, na dua inayofungamanishwa nao ni ya kushukuru neema, kuomba kutenda mema na kukiombea kizazi, madaraka hayamo.

Mila za hapa zilijua hivyo pia. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, anaeleza jinsi mwanamume alivyoingia katika ngazi ya kwanza ya wazee. Alitoa mbuzi, kisha akawa mtumishi wa wazee waliomtangulia: akapeleka ujumbe, akaleta kuni, akawasha moto, akachuna wanyama wa karamu. Uzee ulianza kwa kutumwa. Aliyewahi kuwa shujaa na mwenye mji wake aliambiwa, kwa vitendo, kwamba hekima ya ngazi hii bado hanayo. Sisi tumeufuta utaratibu huo bila kuweka mwingine mahali pake. Mtu hufikisha miaka 50 akiwa bosi, akastaafu akiwa bosi, kisha akaingia shambani akitafuta wa kuwaamrisha.

Kuna atakayepinga kwamba mtu wa makamo haji mikono mitupu. Ana elimu, ana akiba, anajua kuweka kumbukumbu, na wakulima waliobaki hawako sahihi daima. Ni kweli. Mashamba mengi ya Bonde la Ufa yameongezeka tindikali kwa sababu ya kurudia mahindi na mbolea ile ile ya DAP mwaka baada ya mwaka, na mwenyeji mwenye uzoefu wa miaka 30 huenda hajawahi kupima udongo wala kutia chokaa. Ugonjwa hatari wa mahindi uliporipotiwa Bomet mwaka 2011 na kuenea, wazoefu na wageni walishikwa na bumbuwazi sawasawa. Taasisi ya utafiti ya KALRO na Chuo Kikuu cha Egerton ziko pale pale Njoro, na anayezipuuza anajinyima. Lakini hata huko mtu huenda kama mwanafunzi. Kufundishwa hakumaanishi kukubali kila linalosemwa. Humaanisha kuchukulia kwamba huenda umekosea wewe kabla ya kudhani amekosea mwenzako. Wahenga walimwonya kijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shambani, mkuu anaweza kuwa kijana wa miaka 28 anayemtambua ng'ombe mwenye ndigana kwa kumtazama masikio.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya yote ni maneno ya mwenye uwezo wa kuchagua. Kibarua anayevuna viazi Molo kwa ujira wa siku hana umri wa makamo wa kuupamba kwa falsafa. Amekuwa shambani tangu utotoni kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Na kuna mwingine, ambaye ndiye anayenisumbua zaidi. Familia nyingi za eneo hili ziliishi nyumba mbili: mume mjini kwa mshahara, mke shambani kwa kazi. Kwa miaka 25 mke alipanda, akapalilia, akauza maziwa, akajua kisima kinakauka mwezi gani na jirani yupi hulipa deni. Kisha mume anastaafu, anarudi, na kufumba na kufumbua yeye ndiye mkulima. Anang'oa majani ya ng'ombe apande parachichi, anamfukuza mfanyakazi aliyekuwa nguzo ya boma, anaanza kupokea malipo ya maziwa. Tunamsifu kwa kuanza maisha mapya, ilhali ameyavunja ya mwingine. Pingamizi hili halivunji hoja yangu. Linaifikisha mahali inapopaswa kufika. Walimu ambao mtu wa makamo anatakiwa kuwakubali wana majina nyumbani mwake. Ni mke wake, mama yake, ndugu aliyebaki, na mfanyakazi ambaye ujuzi wake unapaswa kuonekana katika malipo yake. Hatimiliki yenye jina la mume peke yake, juu ya shamba alilolitunza mke, ni swali la kidini kabla halijawa la wakili.

Limebaki lile ambalo ukarimu wa moyo pekee hauwezi kulijibu. Ardhi hii ilikuwa na watu. Kwa makubaliano ya 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati, wakapelekwa Laikipia na kusini. Kwa yale ya 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Karibu na uhuru na baada yake, mipango ya makazi na kampuni za kununua mashamba ziligawa sehemu kubwa ya maeneo ya walowezi kwa wanunuzi wapya, baadhi yao wakiwa maskwota waliokuwa wamelima hapo kwa miaka mingi bila haki. Mwaka 1992, na tena 2008, watu waliuawa na kuchomewa nyumba Molo na Njoro kwa madai ya nani ni mwenyeji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za jamii ya Waogiek kwa kuwatoa katika msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Je, mtu anaweza kuitengeneza nafsi yake juu ya udongo ambao wengine waliupoteza?

Nadhani anaweza, kwa sharti kwamba kuuliza kwake kusiishie kwenye mbegu na mbolea. Anayetaka ekari tano ukingoni mwa Mau ana wajibu wa kujua, kabla ya kulipa, kama msitu ulipimwa ukagawanywa kwa halali, nani aliishi hapo, na kwa nini bei ni nafuu. Majibu mengine yatamzuia kununua, na ni lazima awe tayari kuzuiwa. Aliyerithi au kununua kwa haki hawezi kurekebisha mwaka 1904 peke yake. Fidia na marejesho ni kazi ya mahakama, Bunge na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kilicho mikononi mwake ni njia ya mifugo kwenda mtoni, ambayo anaweza kuiacha wazi ingawa ramani yake inamruhusu kuifunga, na masimulizi ya mzee jirani kuhusu mipaka ya zamani, ambayo anaweza kuyasikiliza hadi mwisho bila kukimbilia kutoa hati.