TAFAKURI YA RAMADHANI 21: Dakika za mwisho



Wazee wetu wa Kagera wanaukumbuka 1979 kama mwaka wa vita. Agosti ya mwaka huohuo, kule Ndola, Taifa Stars ilikuwa nyuma bao moja kwa Zambia, muda unayoyoma. Mshambuliaji Peter Tino akasawazisha dakika za mwishoni, 1-1. Kwa kuwa Dar es Salaam tulishinda 1-0, tukaenda fainali za Afrika, Lagos 1980. Kufuzu tena ilikuwa mpaka 2019.

Tino alishaacha mpira siku nyingi, lakini miaka yote hiyo Stars ikikwama, watu walimtaja yeye. Kumtaja sawa, kumrudisha uwanjani haiwezekani. Mchezaji akistaafu anabaki na mabao aliyofunga. Sisi tutabaki na saumu tulizofunga.

Alhamdulillah, mimi na wewe filimbi yetu bado. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali huangaliwa mwisho wake. Tumeingia kumi la mwisho, na safu za tarawehe zimepungua. Kijana wangu, uko banda umiza, mkeka mfukoni, Laylatul Qadr ikupite?

Kama siku ishirini zimekwenda kwa uvivu, usikate tamaa, bado unaweza kusawazisha. Usiku huu simama rakaa mbili. Toa sadaka, hata kidogo. Mpigie simu ndugu yako mliyenuniana.

Allah atujaalie mwisho mwema. Aamin.

Wabillahi tawfiq.