Mbuzi wa Amana: Mawaidha kwa Aliyemchukua Mnyama Aliyeokolewa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeumba viumbe na Akampa kila mmoja riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu yangu Muislamu, na wewe dada yangu Muislamu, Mwenyezi Mungu Atuongoze sote. Wengi wetu tulioko Maskati na Dubai tunao jamaa waliohamia Uingereza, na masuala yanayowafika wao huko hutufikia na sisi. Miongoni mwao ni hili. Mtu amekwenda kwenye kituo cha mifugo iliyookolewa, akamchukua mbuzi kwenda kumfuga. Akatia saini hati ya kwamba hatamchinja, hatamuuza wala hatamzalisha, na kwamba akishindwa kumtunza atamrudisha. Miezi ikapita, mbuzi akanona, na Idi kubwa ikakaribia. Akajisemea nafsini mwake: "Nyama ya mbuzi ni halali, na mimi ndiye ninayemlisha. Hati ile ni ya watu wasio wa dini yetu. Vipi inizuie na kile alichonihalalishia Mola wangu?"

Usilicheke suala hili, ndugu yangu, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko mbuzi.

Kwanza, tukijue kituo chenyewe. Katika jimbo la Kent, karibu na mji wa Maidstone, kipo kituo kiitwacho Buttercups ambacho kazi yake ni kuwatunza mbuzi. Wamo walioteswa, walioachwa bila ya malisho, na ambao wenyewe wameshindwa kuwatunza. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha uchunguzi uliofanywa hapo. Mbuzi waliwekewa picha mbili za uso wa mtu mmoja, moja yenye furaha na moja yenye hasira, na wao wakaelekea zaidi kwenye uso wa furaha. Basi usidhani kwamba mnyama huyo hajui ni nani anayemtendea wema. Na Qurani imetufundisha katika Suratul An-am kwamba wanyama ni umma mfano wetu, na kwamba wao nao watakusanywa kwa Mola wao.

Wala huruma hii si jambo geni lililotoka Ulaya. Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Akatueleza habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu Akamsamehe. Naye mwenyewe, kabla ya kupewa Utume, alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Basi mwenye kumpokea mnyama aliyedhulumiwa, akamlisha na kumtibu kwa kutaka radhi za Mola wake, anatarajiwa kupata thawabu.

Ama kuhusu kumchinja, jawabu liko katika aya ya kwanza ya Suratul Maida. Itazame vizuri. Mwenyezi Mungu Ameianza kwa kuwaamrisha Waumini watimize mikataba yao, na papo hapo, katika aya hiyo hiyo, Akataja kwamba wamehalalishiwa wanyama wa mifugo. Amri ya kutimiza ahadi imetangulia, na ruhusa ya kula nyama ikafuatia. Anayeishika ruhusa na akaitupa amri ameigawa aya moja mapande mawili, akachukua lile linalolipendeza tumbo lake.

Na akisema mtu: "Je, kwa kutia saini sikuharimisha alichohalalisha Mungu?" Tutamwambia: La. Hukusema kwamba nyama ya mbuzi ni haramu. Umeacha haki yako juu ya mbuzi mmoja tu, kwa hiari yako na kwa akili yako timamu. Hali yako ni kama ya mtu aliyepanga nyumba kwa sharti la kutotoboa kuta zake. Kutoboa ukuta si haramu kwa asili yake, lakini ukuta ule si wako wa kutoboa.

Na akisema: "Lakini wao si Waislamu," tutamkumbusha usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamekwishakubaliana kumuua Mtume (S.A.W.), na juu ya hayo alimwacha nyuma Sayyidna Ali ili awarudishie watu wa Makka amana zao zilizokuwa kwake. Ikiwa waliotaka kumwaga damu yake hawakukhiniwa, watakhiniwa vipi waliokuamini wakakukabidhi kiumbe walichokitibu kwa mikono yao?

Na Imamu wetu Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, imesimuliwa kwamba usiku mmoja alichomoa utete katika ukuta wa watu ili ajikinge na mbwa. Kulipopambazuka aliurudisha. Watu wa nyumbani kwake waliuona utete kuwa si kitu, naye akawafahamisha kwamba lau kila mpita njia angelichukua mmoja, ukuta usingelibaki. Huo ndio uchaji tuliourithi. Katika madhehebu yetu imani ni kauli na vitendo, na kuvunja ahadi na kukhini amana ni katika alama za unafiki. Mwenye kushikilia hayo bila ya kutubia yumo katika kufru neema, hata akisali na kufunga.

Basi usimsogelee Mola wako kwa mnyama usiyekuwa na haki ya kumchinja, kwani Yeye ni Mwema wala hakubali ila kilicho chema. Ukitaka kuchinja Idi, nunua mnyama kwa mali yako ya halali, kama wanavyonunua wazee wetu mnadani Nizwa asubuhi ya Ijumaa.

Na wewe ambaye bado hujatia saini, jipime kwanza. Mbuzi hapendi upweke, basi usimfuge peke yake bila ya mbuzi mwenzake. Anahitaji banda kavu, kwani mvua humdhuru, na kwato zake hupunguzwa kila baada ya wiki chache. Mimea mingi ya mapambo bustanini ni sumu kwake. Sheria ya Uingereza inakutaka usajili mahali pa kufugia na umtie alama sikioni, na inakataza kumlisha mabaki ya jikoni, japo ni wali uliobakia. Naye huweza kuishi miaka 15 na zaidi. Mtoto wako aliyemlilia leo atakuwa ameoa, na mbuzi bado anakutazama wewe.

Ukiona huna uwezo, usimchukue. Toa sadaka ya malisho yake, na thawabu utaipata. Ukiwa umekwishamchukua na ukashindwa, mrudishe kama ulivyoahidi, wala hapana aibu. Na ukiwa umekwishamchinja, tubu. Na tauba ya haki ya mja haitimii kwa kulia tu juu ya msala. Nenda kwa wenyewe, waambie ukweli, lipa watakachokudai, na uwaombe radhi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi zetu, na uwarehemu viumbe vyako kupitia mikono yetu, wala usitufanye sababu ya watu kuichukia dini yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.