Huzuni ya Moyo na Tezi ya Kidari

 

Ndugu zangu Waislamu, baada ya darsa ya juma lililopita alinijia mtu mmoja akaniuliza jambo kwa sauti ya chini. Mkewe amemuuguza mama yake miaka miwili, usiku na mchana, na sasa yeye mwenyewe haishi homa na mafua, na jeraha dogo alilojikata jikoni limekawia kupoa. Majirani wamemwambia kuwa huo ni udhaifu wa imani; lau angesubiri ipasavyo, asingeugua. Je, ni kweli?

La, si kweli, na aliyeyasema hayo amesema asilo na ilimu nalo. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, na hali yeye ndiye tunayemtolea mfano wa subira njema. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Ikiwa huzuni iliufikia mwili wa Nabii, sisi ni nani hata tuifanye aibu kwa mwanamke aliyekesha miaka miwili?

Natutazame basi ni kwa njia gani huzuni huufikia mwili. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, mna tezi iitwayo thaimasi. Kwa mtoto ni kubwa. Mtu akisha kubaleghe hupungua kidogo kidogo, na mahali pake pakashikwa na mafuta. Kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1961, alipotangaza Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, kwamba panya waliotolewa tezi hiyo mara tu walipozaliwa walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, wakashindwa kupigana na maradhi. Thaimasi ni mfano wa chuo. Chembe changa hutoka katika uboho wa mifupa, zikaingia humo zikafunzwa kupambanua mwili wenyewe na adui. Na zilizo nyingi hazifuzu, hufa humo humo.

Kabla ya hapo, mwaka 1936, Hans Selye huko Montreal, Kanada, aliwatia panya katika taabu mbali mbali: baridi kali, majeraha, kazi ya kupita kiasi. Taabu iwe ni ipi, ndani ya saa 48 thaimasi ilisinyaa. Ubongo ukitambua taabu huiamuru tezi ndogo iliyo chini yake, nayo huziamuru tezi zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga katika damu homoni za jamii ya kotisoli. Homoni hizi zina manufaa kwa muda mfupi, lakini zikizidi na kudumu huziua chembe changa katika thaimasi na kuzidhoofisha zilizokomaa. Tena iko njia ya pili: mishipa ya fahamu yenyewe hufika mpaka ndani ya tezi hiyo.

Hapa nataka nisimame kidogo. Zamani mabingwa wa Ulaya na Marekani walizoea kupasua maiti za masikini, waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu, ambao thaimasi zao zilikwisha sinyaa. Walipomwona mtoto aliyekufa ghafula ana thaimasi kubwa, wakadhani ndiyo iliyomkaba roho. Kumbe hiyo ndiyo ya kawaida, na zile ndogo ndizo zenye ila! Kuanzia mwaka 1907 wakaanza kuwapiga watoto miale ya eksirei kifuani, hata wakafika maelfu, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya tezi ya shingo. Taabu ya masikini ndiyo waliyoifanya mizani ya afya.

Ama lile jeraha, nalo lina khabari yake. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopotewa na akili, na wengine 13 wa umri mmoja nao wasiouguza mtu. Wote walitiwa jeraha dogo la kadiri moja mkononi. Majeraha ya wauguzi yalichelewa kupoa kwa siku 9 hivi. Sidhani kuwa mtu atasema wale walipimwa imani.

Lakini asije mtu akafahamu kwamba kila ugonjwa ni wa huzuni, au kwamba dua imekuja kuondosha sindano. Jeraha lisilopoa huenda likawa ni la sukari, na hilo hulijua daktari kwa kupima damu.

Mtume (S.A.W.) amewafananisha Waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua, vyengine vyote hushiriki naye kwa homa na kukesha. Nimeyasoma hayo tangu chuoni, nikidhani kukesha ni mfano tu.

Nikamwambia yule ndugu: Kesho mpeleke mkeo kwa daktari. Na usiku wa kumkesha mama mgawane, wewe na shemeji zako. Akasema: "Sheikh, shemeji zangu wako Malindi." Nikamwambia: Malindi kuna mabasi kila siku.