Kuipima Nchi kwa Hesabu ya Wauaji Wake

Hapana mtu apendaye kuambiwa kwamba kwao ni kwa wauaji. Na wengi huwaambia wenzao neno hilo kwa wepesi, wakiwa na hesabu mkononi. Suala basi ni hili: mtu aliyeiona hesabu ya mauaji ya nchi mbili, je, amekwisha kupata haki ya kuwahukumu watu wake? Na akikosea, kosa lake ni la hesabu tu, au ni dhuluma?

Na ikadiriwe mfano. Kijana wa Njoro, katika mji wa Moshi, amepeleka posa Tanga. Baba wa binti hana neno, lakini ndugu yake aliyeko Maskati, ambaye ni ami wa binti na kauli yake ina uzito katika nyumba, ataka kujua kwanza Njoro ni mahali gani. Afungua simu yake, aandika jina la Njoro na neno mauaji, na intaneti yamletea habari za nyumba zilizochomwa na watu waliouawa kwa mapanga na mishale. Kwa dakika moja posa imeingia dosari.

Lakini Njoro aliyoletewa siyo. Ni Njoro ya Kenya, katika kaunti ya Nakuru, penye Chuo Kikuu cha Egerton. Hiyo ilipatwa na machafuko mwezi wa Januari 1998, na tena katika fitina iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo tume ya Jaji Waki iliwahesabu wafu wake 1,133 katika Kenya nzima. Chombo cha kutafutia hakijui mji. Chajua herufi tu. Mtu akikiuliza Moshi huenda akapewa picha za moshi wa moto, au maamkio ya Wajapani waitikiapo simu, kwani wao husema moshi moshi.

Kosa hilo ni jepesi, maana ramani hulitibu. Zito ni lile linalobaki baada ya ramani. Ami akisha kujua kwamba Njoro ya kijana iko Tanzania, atauliza tena: baina ya Tanzania na nchi nyingine, ipi ina jinai nyingi? Ataletewa tarakimu mbili, na atadhani amepata mizani. Mwenye kununua mazao katika soko la Mbuyuni, Moshi, ajua udhaifu wa mizani ya namna hiyo. Gunia la lumbesa na gunia lililoshonwa sawa na mdomo wake yote mawili huitwa gunia moja, na anayehesabu magunia tu bila ya kuyaangalia amekwisha kupunjwa.

Kwani jina la jinai ya nguvu halikubeba maana moja kila mahali. Marekani, katika hesabu ya FBI, ni mambo manne: kuua, kubaka, kunyang'anya kwa nguvu, na shambulio lililo zito. Uingereza huandika hata pigo lisiloacha jeraha. Na Uswidi, mwanamke akilazimishwa na mumewe kila siku kwa mwezi mzima, huandikwa makosa kwa idadi ya siku zile, ambapo kwingine lingeandikwa moja. Tena sheria yao ya ubakaji ilipanuliwa mwaka 2005, na mara nyingine 2018. Basi wakatokea watu wakasema Uswidi ni nchi ya wabakaji kupita nchi zote.

Kuua ndiko kunakolinganishika kwa unafuu, kwa kuwa maiti ni shida kufichika. Afrika ya Kusini polisi waliandika watu 27,494 waliouawa katika mwaka uliokwisha Machi 2023. Hesabu hiyo ni kubwa mno, wala haifai kuipunguza kwa maneno. Lakini imejulikana kwa sababu serikali ile huitangaza aibu yake kila baada ya miezi mitatu. Nchi isiyoandika hupata sifa njema bila ya kuitolea jasho. Wanazuoni wa hadithi walikuwa hawayapokei maneno mpaka wajue yamepitia kwa nani. Na tarakimu nayo ni habari, ina wapokezi wake. Aliyeuawa hakuisema. Ameisema karani, ikiwa karani aliletewa.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, mtu aliyempiga mwenzake akamwumiza huenda akamwendea na jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni alama ya kuomba msamaha, na ni vigumu kwa anayepelekewa kulikataa. Jambo likamalizika mbele ya wazee. Aliyeumia asipokwenda kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, jeraha lake halimo katika daftari lolote. Hapana wa kuulaumu msamaha huo. Lakini anayejivunia uchache wa kesi uliotokana nao ajisifu kwa asilolijua. Kadhalika mwizi aliyepigwa hadi akafa, na gazeti likasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimepata kuwahesabu watu wa namna hii kwa mamia katika mwaka mmoja, na wengi waisifuo nchi kwa utulivu hawawatii katika fikira zao, kana kwamba damu ya mwizi si damu.

Iko hesabu moja iliyofanywa kwa insafu zaidi. Uchunguzi ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2005 haukwenda kwa polisi. Wanawake wa nchi 10 waliulizwa wenyewe majumbani mwao, kwa maswali yale yale. Miongoni mwa waliopata kuwa na mume au mwenzi, waliopigwa au kulazimishwa naye walikuwa asilimia 15 katika mji wa Japani, asilimia 41 Dar es Salaam, na asilimia 56 Mbeya. Haya ni ya nchi ambayo watu wake huiita kisiwa cha amani. Yalikuwa hayaonekani kwa sababu yalikuwa nyuma ya mlango, na karani hapigi hodi.

Na kwa binti wa Tanga, hilo ndilo lililomhusu kuliko Njoro zote mbili: mkono wa kijana huyu ukoje akikasirika? Ami hakuliuliza, kwa kuwa simu haikumletea. Walijualo ni jirani wa ukuta mmoja, na wenziwe wa msikitini, na dada zake aliokua nao. Baba aomba siku tatu kabla ya kutoa jibu, naye asafiri Moshi.