Bosi alinisaidia

Katika kazi yangu na vijana nasikia maneno mengi, na mengi yanapita tu. Moja halijapita. Kijana ameumia kazini, mwenye kazi amelipa teksi ya kumpeleka hospitali, amelipa dawa na picha ya mguu, halafu amefika nyumbani na bahasha. Ukimuuliza yule kijana mambo yaliishaje, anajibu: "Bosi alinisaidia." Anasema hivyo na shukrani ya kweli, hadanganyi. Lakini mimi najiuliza: pesa ile ilikuwa msaada, ama ilikuwa deni?

Wanaoishi Bujumbura wanaijua Kiriri. Kwa ndugu zetu wanaotusoma kutoka kambini, Musasa ama Bwagiriza, niseme kidogo. Ni kartiye ya mlimani, juu ya mji, nyumba za ghorofa na kuta ndefu, watu wenye uwezo. Kujenga pale ni kujenga kwenye mteremko. Kabla ya nyumba lazima kwanza ukuta wa kuzuia udongo, na mawe ya ukuta hayapandi yenyewe. Yanapandishwa kichwani na begani na wayede, yaani wasaidizi wa fundi, na kati yao kuna vijana wetu wengi waliotoka Kivu. Ukiwa juu ya jukwaa unaona ziwa lote, na ng'ambo milima ya Uvira. Vijana wananiambia saa ya kupumzika wanabishana kijiji cha nani kiko nyuma ya mlima upi.

Mmoja wao, miaka 22, jina lake siliandiki, alianguka kutoka ghorofa ya pili. Mti wa jukwaa ulikatika. Goti halijarudi kama zamani, na daktari alisema halitarudi. Mwenye nyumba alishuka mwenyewe mpaka pale familia inapopanga, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasema pole, akaacha faranga 300,000. Mama alipokea kwa mikono miwili. Baada ya miezi mitatu pesa iliisha na goti likabaki. Kijana akamtuma kapita aulize kama kuna kitu kingine. Jibu likarudi: "Nilishamsaidia. Anataka nini tena?"

Unaona sasa kazi ya lile neno. Msaada unaisha pale anapotaka mwenye kutoa. Mtu akirudi mara ya pili kuomba msaada, anaonekana hana haya. Anayedai deni anaweza kurudi hata mara kumi, na haya ni ya yule asiyelipa. Noti ni zile zile. Neno ndilo linaamua nani ataangalia chini.

Niseme pia kwamba mwenye nyumba huyu si mtu mbaya. Alikuja. Wengine hawaji kabisa, wanabadilisha namba ya simu. Ndiyo maana swali linakuwa gumu, ju kama angekuwa mtu mkatili tungemaliza haraka: ni mkatili, basi.

Mzee mmoja wa jamii yetu, ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mwanangu, deni linatoka wapi? Yule bwana hakumsukuma mtoto. Hata ule mti hakuufunga yeye. Kama hana kosa, anadaiwa kwa lipi?" Nililibeba swali lake wiki nzima. Ni swali la mtu mwenye haki, maana sisi tuliokimbia tunajua vizuri ubaya wa kumlipisha mtu kosa lisilo lake.

Swali hilo hilo liliulizwa Ufaransa zamani. Mwaka 1892, katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Tarbes, mfanyakazi mmoja jina lake Cames alipigwa na kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye nyundo ya mvuke. Mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena. Waziri wa Vita akampa faranga 2,000, kwa huruma yake. Bahasha, kama ile yetu. Cames akasema haitoshi, akashtaki mbele ya Baraza la Taifa, ile mahakama kubwa inayohukumu mambo ya serikali. Mwaka 1895 majaji wakasema jambo ambalo lilikuwa geni kabisa: Cames hana kosa lolote, na kosa la serikali pia halikuonekana, lakini serikali ilipe. Faranga 600 kila mwaka, maisha yake yote. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Aprili 1898, sheria ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi wa viwanda njia hiyo: aliyeumia kazini hahitaji tena kutafuta kosa la bosi. Na yeye kwa upande wake anakubali kulipwa sehemu tu ya alichopoteza, siyo yote. Ubelgiji, waliokuja kututawala huku, walitunga sheria yao mwaka 1903.

Kwa hiyo mzee ana haki kwamba bila kosa hakuna adhabu. Lakini deni na adhabu si kitu kimoja. Ukinunua mihogo sokoni hujakosa kitu, bado unalipa. Majaji wale waliona kwamba kazi fulani zina hatari ndani yake, kama vile mihogo ina bei yake. Ukijenga jukwaa la miti mara mia moja, kuna siku mti utakatika. Hatujui ni siku gani wala ni nani atakuwa juu yake, lakini kwamba siku itafika, kila kapita wa Kiriri anajua. Tunapenda kusema "ni mapango ya Mungu". Mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini naona Mungu anapewa lawama nyingi kwa miti ambayo watu walikataa kununua mizuri.

Na nyumba, si imesimama? Itapangishwa. Katika gharama zake kuna simenti, vyuma, mchanga wa mtoni, na goti la kijana mmoja. Mfuko wa simenti ulipopasuka njiani, mwenye nyumba alinunua mwingine, wala hakusema kwamba ameisaidia simenti.

Hapa Burundi jambo hili limeandikwa. Kuna INSS, na ndani yake kuna sehemu ya hatari za kazini, ambayo mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Aliyeumia anatakiwa kupata matibabu, pesa ya siku ambazo hafanyi kazi, na pensheni kama ulemavu utabaki. Na sisi wakimbizi? Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Burundi iliingia mwaka 1963, una kifungu cha 24. Kinasema mkimbizi anayekaa kihalali katika nchi atendewe kama mwananchi katika mambo ya ajali za kazini. Kinaongeza kitu ambacho nilikisoma mara mbili: mkimbizi akifa kwa ajali ya kazi, haki ya fidia haipotei ati kwa sababu anayestahili kuipokea anaishi nje ya nchi. Yaani kijana akianguka Kiriri akafa, na mama yake yuko nyuma ya ile milima anayoitazama akiwa juu ya jukwaa, deni linavuka ziwa kumfuata mama. Walioandika kile kifungu walijua familia za wakimbizi zinavyokaa, mmoja huku, mwingine kule.

Sasa, kati ya karatasi hiyo na goti la yule kijana kuna watu watatu. Mwenye nyumba anasema: mimi niliongea na mjenzi. Mjenzi anasema: mimi nilimpa kapita kazi. Kapita anasema: mimi pia ni kibarua, niliwachukua vijana asubuhi barabarani. Hakuna mkataba, hakuna jina mahali popote, na INSS haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuna aliyemwandikisha. Deni limekatwa vipande mpaka kila mmoja anashika kipande kidogo cha kutupa. Sikubali hapo. Kapita kweli ni maskini kama sisi. Lakini mwenye nyumba kila jioni anauona ukuta, anajua haukujijenga, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kuuliza swali moja rahisi kabla kazi haijaanza: hawa wameandikishwa?

Kuna hofu moja ambayo siwezi kuipuuza. Vijana waliniambia: "Yaya, ukisukuma maneno haya, kesho asubuhi kapita atachukua wengine." Ni kweli. Anayesimama barabarani saa kumi na mbili asubuhi hana nguvu ya kuuliza juu ya INSS. Ndiyo maana simwambii kijana yeyote aende peke yake kubishana. Nawaambia waandike kwenye daftari: tarehe, mahali, jina la kapita, nani alikuwa karibu. Hiyo haimfukuzishi mtu kazi. Na watu wakisema "si alikubali mwenyewe kupanda?", ninawauliza kama wamewahi kukubali kitu wakiwa na njaa.

Aliyenishinda ni mama wa kijana. Yeye hakuogopa kapita. Alisema: "Hatuuzi goti la mtoto wetu." Neno fidia yeye alilijua kanisani, bei ya kumkomboa mtu, na kwake kudai fidia ilikuwa kama kumpelekea yule bwana mguu na kumwambia apange bei. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia baadaye kwamba goti halina bei na hakuna sheria inayolinunua. Kinachohesabiwa ni siku ambazo mtoto angefanya kazi na hafanyi, chakula ambacho angeleta na haleti. Alinyamaza, kisha akasema chakula anakijua hesabu yake.

Jumamosi iliyopita tuliandika barua ya kupeleka kwa mkaguzi wa kazi. Tuliiandika kwanza kwa Kiswahili, mwalimu mmoja ataigeuza Kifaransa. Mashahidi wawili waliweka majina yao, wa tatu alisema ngoja kwanza. Neno la kwanza peke yake lilituchukua karibu saa nzima. Mama alitaka "ninaomba msaada". Kijana alitaka "ninadai". Imeandikwa "ninadai", na chini yake mama aliongeza kwa mkono wake, "pamoja na heshima zetu zote".