Maji Hayaulizi Nani Alichimba

Ukaguru ukoo hufuatwa kwa mama, na hapa kwetu Berega, Kilosa, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana wazee wetu hawashangai mwanamke akishika kiti. Wanachouliza ni kimoja: alichoachiwa, alikitunzaje?

Sikilizeni habari za malkia Simbamwene, wanangu. Baba yake, Kisabengo, aliyetokea kwa Wazigua, alijenga mji chini ya milima ya Uluguru, palipo Morogoro ya leo, akauzungushia ukuta wa mawe wenye minara. Wakazi aliwapata kwa kuteka watu na kupokea watumwa waliotoroka. Kisha akachimba mfereji kuuvuta mto Ngerengere karibu na mji, na mfereji huo ukawa fahari yake. Alipokufa, binti akarithi yote, pamoja na desturi ya kutoza misafara hongo, yaani malipo ya kupita. Mwandishi wa habari Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, akagombana na malkia. Aliporudi mwaka 1872 akasimulia kwamba mafuriko yalipita katika mfereji ule ule, yakabomoa ukuta, na malkia akakimbia.

Wadenmark nao wana malkia wao wa ukuta, Thyra, mke wa mfalme Gorm, wa karne ya 10. Wanasimulia kwamba kaisari wa Wajerumani alimposa, naye akamzungusha kwa maneno matamu huku akiwaita watu wa kila jimbo waje kujenga Danevirke, boma la kuilinda nchi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba sehemu za boma hilo zilimtangulia kwa zaidi ya miaka 200. Hadithi imempa sifa hata hivyo, kwa sababu inamwonyesha akifanya kazi na watu wake.

Simbamwene naye hakuchimba ule mfereji, lakini maji hayakuuliza nani alichimba. Nasi wa Kilosa twajua: mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulikata reli na kuzikosesha makazi familia nyingi zisizo na kosa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ukikabidhiwa shamba la mjomba, lizungukie lote kabla ya msimu, uone maji yanapita wapi. Ukikabidhiwa uongozi wa ukoo, waulize kwanza walioumizwa na waliokutangulia. Sifa ya marehemu ni yake, ila ufa aliouacha sasa ni wako.