Kufuli Tatu

Swali lenyewe huja hivi, na ukishasoma matano ya aina yake umeyasoma yote: wewe ni mkaguzi wa hesabu, umepewa faili ya kampuni fulani, halafu unagundua kwamba mkuu wa fedha wa kampuni hiyo ni jamaa yako. Utafanya nini? Jibu halitaki akili nyingi. Andika kwamba kuna hatari ya kujuana, mwarifu bosi wako, uondolewe kwenye kazi hiyo. Alama zako hizo, nenda swali linalofuata.

Kinachonisumbua ni yale ambayo swali halijasema. Halijasema kwamba huyo jamaa ndiye aliyeuza ng'ombe ili ufike Form Four. Halijasema kwamba Desemba mtakutana naye kwa dani, mezani mmoja, mbele ya watu wote wanaojua aliuza ng'ombe wangapi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kuonekana. Siku hizi naandika: makala, matangazo ya maduka, hata hotuba za harusi kama mwenye harusi ana pesa. Usiku nasomea CPA, kwa sababu KASNEB hawaulizi digrii. Ukiwa na C+ ya KCSE, mlango uko wazi. Hesabu zenyewe sina shida nazo sana. Sehemu ya maadili ndiyo hunikosesha usingizi.

Kitabu kinataja hatari tano zinazoweza kumpinda mhasibu. Ya kwanza ni maslahi yako mwenyewe: una hisa kwenye kampuni, au unaogopa kumpoteza mteja. Ya pili ni kukagua kazi uliyoifanya wewe mwenyewe, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Ya tatu ni kumpigia mteja debe mpaka unageuka wakili wake. Ya nne ni kujuana sana. Ya tano ni kutishwa. Orodha hii si ya Kenya pekee. Imo kwenye kanuni za kimataifa za wahasibu, zinazotungwa na bodi inayoitwa IESBA, na mtu wa Kondele anaikariri sawasawa na mtu wa London.

Nne kati ya hizo sina neno nazo. Ni hiyo ya kujuana. Hapa Kisumu kujuana ndiyo bima yetu. Nyumba ya kupanga unaipata kwa kujuana, na kibarua vilevile. Ukilazwa kwenye ile hospitali ya rufaa ambayo wenyeji bado huiita Russia, bili inachangwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, na nusu yao hujawahi kuwaona. Ukifa, kundi hilohilo ndilo litakaloleta gari. Sasa kitabu kinakuja na kuliweka jambo hili, zuri kuliko mengi tuliyo nayo, kwenye orodha moja na tamaa na vitisho.

Tena hata ukoo wenyewe kitabu kimeupima kwa rula fupi. Jamaa wa nyumbani kabisa ni mume au mke na wanaokutegemea. Jamaa wa karibu ni mzazi, mtoto au ndugu. Basi. Nera, yaani mjomba, hayumo. Binamu hayumo, ingawa kwetu huyo ni ndugu tu na hakuna anayemwita jina lingine. Ukisoma herufi kwa herufi, yule aliyeuza ng'ombe anapita katikati ya wavu kama omena.

Hapo ndipo marafiki zangu huniambia, omera, achana nayo, hizo ni sheria za wazungu, kariri upite. Siwakubalii, na sababu yangu haitoki kitabuni. Inatoka kwenye sanduku.

Umeliona hilo sanduku. La bati, limepakwa rangi, linakaa chini ya kitanda cha mama fulani Nyalenda au Manyatta, au kule ufuoni ambako wauza samaki wana chama chao. Lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku liko kwa wa nne. Halifunguliwi ila siku ya mkutano, wote wakiwa wamekaa, pesa zikihesabiwa kwa sauti. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini huko, kisha ukaenea karibu Afrika nzima. Umeshika kwetu kana kwamba ulizaliwa hapa.

Angalia vizuri waliokaa kuzunguka sanduku hilo. Ni mashemeji, majirani, watu waliozikiana wazazi. Hakuna wanaojuana kuliko hao. Na bado kufuli ni tatu. Sijawahi kusikia mmoja akilia kwamba ametukanwa, kwamba kwa nini waya asiaminiwe na funguo zote. Wanajua jambo ambalo kitabu kinalisema kwa lugha kavu mno: kufuli inaulinda urafiki usije ukaulizwa swali. Shilingi elfu mbili zikipungua, kila mmoja anaweza kusema mbele ya wenzake, singeweza kufungua peke yangu. Undugu wao unabaki salama.

Nikirudi kitabuni na sanduku hilo kichwani, naona kwamba kumbe hata kitabu hakikuishia kwenye orodha ya jamaa. Kinakutaka ujiulize: mtu wa tatu, mwenye busara na anayejua mambo yote, akiitazama hali hii ataonaje? Nera amejificha kwenye orodha, lakini kwa mtu wa tatu hawezi kujificha. Huyo mtu wa tatu ndiye mama anayeshika ufunguo wa tatu. Kwa hiyo mpwa anayekataa kukagua vitabu vya mjomba wake hajasahau ng'ombe. Anakataa ili siku moja mtu asije akasema ng'ombe walikuwa hongo iliyolipwa mapema.

Ila kuna mahali kitabu kinanyamaza, nako ni kwenye hatari ya tano. Kwamba kutishwa ni hatari, kinakuambia. Nani atakulisha baada ya kutotishika, hakikuambii. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Aliona malipo ya Goldenberg yakipita mezani pake, fidia ya asilimia 35 kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwepo. Alitoa nyaraka, zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akafutwa kazi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki, na kazi yake hakuwa amerudishiwa.

Kule Goldenberg kufuli zilikuwepo, tena nyingi. Wenye funguo ndio walioelewana. Enron ya Marekani nayo, kabla haijaanguka mwaka 2001, ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Kufuli hazina maana wenye funguo wakiwa kitu kimoja. Hapo anabaki mtu mmoja na mdomo wake, na kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi.

Mtu huyo atakimbilia wapi? Kwa jamaa. Kulekule kwa watu ambao kitabu kimewaita hatari. Hakuna bodi itakayomnunulia unga. Ndiyo maana nadhani swali la mtihani limeelekezwa kwa nusu tu ya wahusika. Linamuuliza mhasibu atafanya nini. Halimuulizi nera: mpwa wako akikuambia hawezi kugusa vitabu vyako, utamwita mwenye maringo? Halimuulizi mama: mwanao akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu alikataa kutia sahihi, utamwambia wenzako wanajenga?

Karatasi ya mtihani anaijaza mtu mmoja, simu imezimwa, hakuna kuongea na jirani. Uadilifu wenyewe haujazwi hivyo. Unataka watu watatu wenye funguo, na wa nne wa kukuwekea sahani siku umefutwa kazi.